Katriji gani kwa santuri zako? Hatua za kuchagua na kuifunga

Mtu akifufua mashine ya santuri iliyolala miaka juu ya kabati, huanza kwa kuuliza spika gani anunue. Spika zinaweza kungoja. Sehemu ya mashine inayosoma mifereji ya santuri ni moja tu, nayo ni ncha ya almasi isiyoonekana vizuri kwa macho, iliyoshikwa na kijiti chembamba kinachoingia ndani ya katriji; ncha na kijiti chake ndivyo tunavyoviita sindano. Katriji ndiyo inayogeuza mtikisiko wa kijiti hicho kuwa umeme. Ikikosea, hakuna spika itakayoirekebisha, na mbaya zaidi, itakuwa inazikwangua santuri zako huku ukidhani unaburudika.

Wauzaji wataanza na jina la kampuni. Mimi nitaanza na santuri zenyewe.

Hatua ya 1: Toa santuri zako, uzitenge mafungu

Nyumba nyingi za Afrika Mashariki zenye santuri zina rundo la zile ndogo za mzunguko wa 45, mara nyingi wimbo mmoja uliokatwa vipande viwili, sehemu ya kwanza upande huu na sehemu ya pili upande wa pili. Hizo ndizo zilizobeba rumba, benga na muziki wa dansi miaka ya 1960 na 1970. Hata za bendi za Tanzania nyingi zilichapwa Kenya, kwa sababu Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Zilipigwa kwenye baa na kwenye harusi, kwa sindano nzito zilizokwisha makali, zikapangwa bila bahasha. Ukiinamisha moja kwenye mwanga utaona mifereji yake imepauka.

Fungu la pili ni santuri kubwa za mzunguko wa 33, za nyimbo nyingi. Hizi kwa kawaida zilitunzwa vizuri zaidi, kwa kuwa zilikuwa ghali na ziliwekwa sebuleni.

Fungu la tatu, ukiwa na bahati, ni zile nzito za mzunguko wa 78, zinazovunjika kama sahani ya udongo zikidondoka. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa kampuni ya HMV, sauti yake iliingia kwenye santuri za namna hii. Santuri za mwanzo za Ngoma ya Léopoldville (Kinshasa ya leo), kampuni iliyoanza mwaka 1948, nazo ni za 78. Ziweke kando kabisa. Mfereji wake ni mpana karibu mara tatu ya mfereji wa santuri za baadaye, na sindano ya kawaida ikiingia humo inakwenda kuburuta chini kwenye vumbi badala ya kushikwa na kuta mbili. Utasikia mkwaruzo mtupu, na sindano itaumia.

Soma pia lebo. Kama haikuandikwa STEREO, ichukulie kuwa ni mono, yaani sauti ile ile kwa spika zote mbili. Jambo hili lina faida ya bure ambayo wengi hawaijui: kwenye santuri ya mono muziki uko katika mwendo wa sindano wa kulia na kushoto tu, ilhali sehemu kubwa ya mikwaruzo huja kwa mwendo wa juu na chini. Amplifaya ikiwa na kitufe cha MONO, kibonyeze. Kelele za juu na chini zinajifuta zenyewe. Fanya jaribio hilo kabla ya kutumia hata shilingi moja, kwa sababu huenda ulichodhani ni ubovu wa katriji kilikuwa kitufe tu.

Hatua ya 2: Itazame mashine, ujue inakubali nini

Shika sehemu ya mbele ya mkono wa mashine, ule unaobeba katriji, uitazame kwa chini. Utakuta mojawapo ya hali tatu.

Kama ni mashine ya sanduku, ile ya kubebwa yenye spika zake ndani, au redio gramu ya zamani ya mbao, karibu hakika ina katriji ya seramiki. Hiyo hukandamiza santuri kwa gramu 5 au zaidi, na ina kijiti kigumu. Hakuna katriji bora ya kuifungia humo. Ibadilishie sindano ikichakaa, itumie kwa santuri ambazo huna uchungu nazo, na fedha za katriji ziweke akiba ya mashine nyingine.

Kama ni mashine ya bei nafuu ya siku hizi, mfano wa AT-LP60 ya Audio-Technica, katriji imejengewa ndani ya mkono. Sindano inabadilika, katriji haibadiliki. Kwa mwenye mashine hiyo mwongozo huu unaishia hapa: nunua sindano yake halisi, uendelee kusikiliza.

Hali ya tatu ndiyo yetu. Katriji imeshikwa na skrubu mbili ndogo, na umbali kati ya skrubu hizo ni milimita 12.7. Kipimo hicho ni kimoja kwa karibu kampuni zote, kwa hiyo katriji ya Denmark inakaa kwenye mkono wa Japani bila taabu. Mashine nyingi, ikiwemo Technics SL-1200 iliyotoka mwaka 1972 na ambayo madijei wa dunia nzima waliifanya kuwa zana yao, zina kichwa, yaani kipande cha mbele ya mkono kinachoshika katriji, kinachochomolewa kwa kuzungusha pete moja. Ukiwa nayo, nunua kichwa cha ziada. Utakuja kunishukuru kwenye santuri za 78.

Kasi nayo uikague. SL-1200MK2 ina 33 na 45 peke yake. Kama fungu lako la tatu ndilo linalokupa hamu, mashine hiyo haikufai, hata ukiifungia katriji ya dhahabu. Na ukiletewa kutoka Marekani mashine ya santuri inayozungushwa kwa mkanda wa mpira, uliza kwanza kuhusu mota: mota nyingi za zamani hufuata mapigo ya umeme, ambayo kule ni 60 kwa sekunde na kwetu ni 50, hivyo nyimbo zote zitachelewa na mwimbaji atasikika kama aliyeamshwa usingizini.

Hatua ya 3: Uliza amplifaya yako inasikia nini

Katriji za leo ni za makundi mawili. Kundi la kwanza lina sumaku ndogo inayotikisika karibu na koili zilizotulia, na hutambulishwa kwa herufi MM. Umeme wake ni kama milivolti 3 hadi 6. Kundi la pili, MC, limegeuza mambo: koili ndizo zinazotikisika, sumaku imetulia. Kwa kuwa koili hizo lazima ziwe nyepesi mno, umeme wake mara nyingi hauzidi nusu milivolti.

Tundu lililoandikwa PHONO nyuma ya amplifaya ya kawaida limetengenezwa kwa MM. Ukilichomekea MC yenye umeme mdogo utafungua sauti hadi mwisho usikie mvumo mwingi kuliko muziki. Tena sindano ya MC nyingi haichomoki. Ikiisha, katriji nzima inarudishwa kiwandani au inatupwa. Kwa msikilizaji anayeishi mbali na wauzaji, ambaye sindano yake itabebwa na ndugu anayetoka Dubai au London, mimi siipendekezi. Inaweza kuimba vizuri sana, lakini nunua MM kwanza.

Kama amplifaya haina tundu la PHONO, usichomeke kwenye AUX ukitarajia muujiza. Unahitaji kisanduku cha kati kinachokuza umeme na kurudisha besi iliyopunguzwa makusudi wakati wa kuchonga santuri, kwa kanuni ya RIAA, chama cha kampuni za santuri za Marekani, iliyoanza kufuatwa mwaka 1954. Baadhi ya mashine mpya zinacho ndani, na swichi yake huwa nyuma.

Kuna kipimo kingine kinachopuuzwa, nacho ni uwezo wa waya na amplifaya kuhifadhi chaji, unaopimwa kwa pikofaradi. Audio-Technica hutaka jumla ya 100 hadi 200 kwa katriji zao za VM95. Ortofon hutaka 150 hadi 300 kwa zile za 2M. Waya peke yake unaweza kula 100 au 150. Jumla ikizidi, sauti za juu hupanda zikawa kali, matoazi yakawa kama mabati. Watu wengi wanaosema katriji za Audio-Technica "zinachoma masikio" wangetafuta waya mfupi kabla ya kulaumu katriji.

Hatua ya 4: Chagua umbo la ncha kabla ya kuchagua jina

Hapa ndipo fedha inapofanya kazi. Mwili wa katriji ya bei ndogo na wa bei ya kati ndani ya familia moja mara nyingi ni ule ule. Kinachobadilika ni ncha.

Ncha ya duara ni ya zamani na rahisi kuliko zote. Ina nusu kipenyo cha kama maikroni 15 hadi 18, inakaa juu ya mfereji bila kufika kwenye mikunjo midogo. Haisomi sauti za juu zote, na hapo hapo haisomi uchafu wote. Kwa santuri za 45 zilizopigwa sana, hiyo ni sifa. Nimesikia santuri ya baa ikisikika ya kupendeza kwa ncha ya duara, kisha ikawa kelele tupu kwa ncha ya bei mara tatu.

Ncha ya duaradufu imechongwa ubavuni. Ile ya kawaida ina maikroni 8 upande mmoja na 18 upande mwingine, hivyo inaingia kwenye mikunjo midogo zaidi. Hii ndiyo ya katikati, na anayetaka sindano moja kwa rundo mchanganyiko achukue hii bila kujiuliza mara mbili.

Kisha ziko ncha za kitaalamu zaidi, Shibata na maikrolaini. Zinagusa ukuta wa mfereji kwa mstari mrefu kwenda chini, kama chombo kilichochonga santuri yenyewe. Faida yake husikika zaidi wimbo wa mwisho. Kwenye santuri ya 33, ukingoni nje mfereji unapita chini ya sindano kwa kasi ya takribani sentimita 51 kwa sekunde. Karibu na lebo umebaki kama 21. Muziki ule ule umebanwa katika nafasi isiyofika nusu. Ndiyo maana herufi "s" za mwimbaji huanza kutoka mate upande ukikaribia kwisha. Maikrolaini inazisoma safi. Na wakati mwingine, kwa kuwa inagusa sehemu ya ukuta ambayo sindano za zamani hazikuifikia, huifufua santuri iliyodhaniwa imekufa. Wakati mwingine tu. Kama mfereji umeharibiwa wote, itakuonyesha kidonda kizima.

Hesabu pia maisha ya ncha. Audio-Technica wenyewe hutoa makadirio haya: duaradufu saa 300, duara 500, Shibata 800, maikrolaini 1000. Anayesikiliza saa moja kila siku atamaliza duaradufu kwa miezi kumi hivi, na maikrolaini ataikaribia miaka mitatu. Bei ya maikrolaini ni mara mbili hadi tatu ya duaradufu. Piga hesabu mwenyewe, halafu uongeze usumbufu wa kuagiza.

Hatua ya 5: Linganisha uzito wa mkono na ulegevu wa kijiti

Kijiti cha katriji kinanesa. Mkono una uzito. Vikikutana vinakuwa na kasi yao ya asili ya kuyumba, na kasi hiyo inatakiwa iwe kati ya 8 na 12 kwa sekunde. Ikishuka chini ya hapo, kila santuri iliyopinda na kila hatua ya mtu anayepita sebuleni itatikisa sindano. Ikipanda sana, itaingia kwenye besi.

Kanuni ni fupi. Jumlisha uzito fanisi wa mkono pamoja na kichwa (effective mass, yaani uzito ambao sindano inauhisi inapousogeza mkono), uzito wa katriji na wa skrubu, vyote kwa gramu. Zidisha kwa namba ya ulegevu (compliance) iliyoandikwa kwenye karatasi ya katriji. Tafuta kipeuo cha pili, kisha gawa 159 kwa jibu hilo. Mkono wa SL-1200 ni gramu 12. Ortofon 2M Red ina gramu 7.2 na ulegevu wa 20. Tuseme skrubu ni gramu 1. Jumla ni 20.2, ukizidisha kwa 20 ni 404, kipeuo chake ni karibu 20.1, na jibu ni 7.9. Iko mpakani, na watu wengi wanaitumia hivyo bila shida.

Tahadhari: kampuni za Japani hupima ulegevu kwa mtikisiko wa mara 100 kwa sekunde, na namba zao huonekana ndogo. Zizidishe kwa kati ya 1.5 na 2 kabla ya kuziingiza kwenye kanuni. Denon DL-103, iliyoanza mwaka 1962, ina ulegevu wa 5 kwa kipimo hicho. Hiyo inataka mkono mzito. Kwenye mkono mwepesi wa kisasa inakosa nyumba.

Hatua ya 6: Nunua mwili unaobadilishwa sindano

Ningekuwa nawe dukani ningekushikia AT-VM95E ya Audio-Technica. Mwili wake mmoja hupokea sindano sita tofauti: ya duara, duaradufu mbili, maikrolaini, Shibata, na moja nene ya santuri za 78. Ukianza na duaradufu kwa bei isiyofika dola 100, umejifungulia njia ya kwenda popote. Ukiwa na kichwa cha ziada, funga mwili wa pili wenye sindano ya 78, yenye kutaka uzito wa gramu 5, na Siti utamsikia bila kugusa mpangilio wa zile nyingine zaidi ya jiwe la nyuma, lile la kusawazisha uzito wa mkono.

2M Red ni mpinzani wa haki. Sauti yake ina mwili zaidi katikati, na ikichoka unaweza kuipachika sindano ya 2M Blue. Lakini haipandi zaidi ya hapo: Bronze na Black zina mwili wao.

Shure waliacha kutengeneza katriji mwaka 2018. Kama umerithi mwili mzima wa Shure, usiutupe, Jico wa Japani hutengeneza sindano zake. Usinunue iliyotumika kwa kuona picha tu. Muuzaji atakuambia "haijatumika sana", na wewe huna hadubini. Chukua mwili wa zamani ukipenda, sindano iwe mpya. Bandia nazo ni nyingi, hasa za majina makubwa. Bei ikiwa robo ya bei ya kawaida, unanunua kioo.

Hatua ya 7: Ifunge kwa subira

Chomoa sindano kwanza uiweke mbali, kisha ndipo ushike bisibisi. Waya nne za kichwa zina rangi zake: nyeupe ni kushoto, buluu ni hasi ya kushoto, nyekundu ni kulia, kijani ni hasi ya kulia. Zishike kwa kibanio, zisukume polepole. Usilehemu kabisa kwenye vipini vya katriji. Joto huua koili ndani.

Usikaze skrubu bado. Rudisha sindano, kisha isogeze katriji mbele au nyuma mpaka ncha ifike panapotakiwa. Kwenye Technics ncha hukaa milimita 52 kutoka kwenye mpira wa shingo ya kichwa. Mashine nyingine zina karatasi ya mistari: sindano ikishushwa kwenye nukta mbili, pande za katriji zilingane na mistari kote kuwili. Ndipo ukaze, kiasi tu.

Zungusha jiwe la nyuma hadi mkono uelee wenyewe bila kupanda wala kushuka. Bila kuligusa jiwe, rudisha pete ya namba kwenye sifuri. Sasa zungusha vyote viwili pamoja hadi uzito ulioandikwa na kampuni: gramu 2.0 kwa VM95E, 1.8 kwa 2M Red. Kimizani kidogo cha kidijitali cha kupimia dhahabu kitakuhakikishia. Weka antiskeiti, yaani kirekebishi kinachozuia mkono kuvutwa kuelekea katikati ya santuri, kwenye namba ile ile.

Wengi hupunguza uzito wakidhani wanaihurumia santuri. Wanaiua. Sindano nyepesi mno huruka ndani ya mfereji na kugonga kuta zake, na kila pigo hubaki. Ukiwa na shaka, kaa upande wa juu wa kiwango kilichoruhusiwa.

Mwisho, mkono uutazame kwa ubavu santuri ikizunguka. Uwe sambamba na santuri. Ukisikia mvumo wa umeme, waya mwembamba wa ardhi haujafungwa nyuma ya amplifaya.

Hatua ya 8: Saa za mwanzo, na baada ya hapo

Katriji mpya huwa ngumu kidogo; ipe saa 20 hadi 30 kabla ya kuihukumu. Jaribu kwa santuri unayoijua kwa moyo, na usikilize wimbo wa mwisho wa upande. "S" zikitoka mate masikio yote mawili, rudia mpangilio wa mistari. Zikitoka upande mmoja tu, gusa antiskeiti.

Osha santuri kabla hazijagusa almasi mpya, hasa zilizokaa pwani, ambako unyevu huota ukungu ndani ya mifereji. Maji yaliyochujwa, tone la sabuni ya vyombo, kitambaa laini kikifuata mzunguko, na lebo isilowe. Sindano isafishe kwa brashi ndogo kutoka nyuma kuja mbele, kamwe si kwa kidole wala kwa kupuliza.

Andika tarehe ya kuanza kwenye kipande cha karatasi, ukibandike chini ya mashine. Saa zikikaribia zile za kampuni, agiza nyingine mapema, kwa sababu ncha iliyolika haikuonyi: inapoteza makali taratibu na sikio linazoea. Sindano kuukuu usimgawie rafiki anayeanza. Naye ana santuri.